Manyoya Saba ya Jogoo Mweusi

Ilomba, Mbeya.
10 Februari 2025.

Dada yangu mpendwa Severina,

Kamwene. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Ruaha Mbuyuni, wewe na mwanao Anjela na wale mapacha wake, na kwamba joto la huko mmeanza kulizoea. Hapa Ilomba hatujambo. Mvua inanyesha karibu kila mchana, mbele ya saluni ya Happy pamekuwa dimbwi, na wateja wake wanaingia kwa kuruka huku wameshika vilemba vyao. Mimi nilibanwa na kifua wiki mbili za mwezi uliopita kwa vumbi la mashine za kukoboa mpunga kule Rujewa, lakini sasa napumua vizuri na nimesharudi kazini. Wifi yako Happy anakusalimu sana. Amewafumia wajukuu zako kofia mbili za sufu, ingawa nimemweleza kwamba huko Mbuyuni mtoto akivishwa kofia ya sufu ataiva. Amesema uzitunze mpaka mtakapopanda nao Iringa kwenye baridi.

Tumefurahi kusikia kwamba mshono wa Anjela umepona na kwamba Doto, ambaye tulikuwa tunamwogopea, sasa ananyonya kumpita Kulwa. Tulipoambiwa wamezaliwa kabla ya siku zao, Happy alifunga saluni akaenda kanisani saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Kwa hiyo ujue kwamba tuko pamoja nanyi hata kama hatujafika kuwaona.

Barua hii anakuletea Idrisa, yule mfanyabiashara wa vitunguu mwenye kuku weupe, uliyemwona kwenye maonyesho amevaa kofia ya kufuma. Anakuja huko kufunga mzigo. Yeye ndiye katibu wa chama chetu cha wafugaji wa kuku wa kochini, na yaliyomo humu anayajua, sikumficha. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwa simu ungeniuliza swali moja, nami ningelijibu nusu, kisha mtandao ungekatika na moyoni ningeshukuru kwamba umekatika.

Umeniuliza mara tatu kama shemeji Aroni anaumwa na sisi tunakuficha. Ulisema alipokuja kuwaona wajukuu wakati wa Krismasi alikuwa amekonda, akakaa na Kulwa mapajani karibu saa nzima bila kusema neno, na ulipomuuliza habari za kuku alikujibu tu kwamba amepumzika. Baadaye jirani yenu wa kule nyumbani Kihesa, Iringa, akakuambia kwamba banda ni tupu, hata wavu umetolewa. Dada, shemeji haumwi. Nilikwenda naye mwenyewe zahanati mwezi uliopita, na presha yake ni nzuri kuliko yangu. Kuku aliwaacha kwa sababu yangu. Naomba unisome taratibu, maana mengine unayajua, na mengine uliyaona kwa macho yako bila kujua unachokiona.

Unakumbuka mwaka 2017 nilipovunjika mguu, mkanda wa mashine uliponitupa chini, ukanichukua Kihesa ukaniuguza miezi minne. Ulikuwa unakwenda shambani asubuhi, na shemeji, aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu ualimu, ndiye aliyebaki na mimi. Nilikuwa mtu wa hasira siku zile. Fundi asiyeweza kusimama anajiona kama kifaa kibovu kilichowekwa pembeni. Siku ya tatu shemeji alinibebea kigoda, akanipa bega, akaniketisha mlangoni pa banda lake. Alisema kama ni kukasirika basi nikasirikie huko, kuku hawajali.

Nilikuwa nawaona siku zote nikija kwenu, lakini sikuwahi kuwatazama. Siku ile nikawatazama. Kuku mweusi, mnene kama mto wa kulalia, mwenye manyoya mpaka kwenye vidole, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Nilimuuliza kama hawa ndio wale kuchi wa kupigana, maana majina yanakaribiana, na kila mgeni aliyefika pale alikuwa anauliza hivyo hivyo. Shemeji alicheka akasema hawa wakigombana hukaa chini kwanza wapumzike. Akaniwekea tetea mmoja mapajani. Nilihisi joto lake kupitia suruali, na moyo wake unavyodunda polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke nikakaa bila kufikiria mguu.

Basi ndivyo ilivyoanza. Miezi ile minne shemeji alinifundisha yote. Alinifundisha kwamba kochini mweusi akigeuzwa juani lazima ang'ae kijani kama mgongo wa mende, na asipong'aa kuna kitu amekosa katika chakula. Alinifundisha kutomlisha mahindi mengi mpaka akashindwa kuatamia kwa unene, kumweka mahali pakavu ili manyoya ya miguu yasigandane na tope, kumtia tone la chanjo jichoni bila kumtisha. Alinionyesha daftari lake, jogoo gani na tetea gani, mwaka gani, miaka kumi na tisa nyuma, kwa mwandiko ule ule aliokuwa anaandikia ubaoni. Nilipopona na kurudi Mbeya nilisafiri na mayai sita ndani ya sufuria yenye makapi ya mpunga, nimeipakata njia nzima. Yalianguliwa manne.

Tangu hapo, dada, wewe ni shahidi, haikupita Jumapili bila mimi na mume wako kuongea kwenye simu. Ulikuwa unasema tunaongea kama wachumba. Kuku wangu waliongezeka, Happy akanung'unika, kisha akazoea, kisha nikamkuta anawakausha kwa mashine yake ya saluni siku ya kuwaosha na anawaita majina ya wateja. Chama kilipoanza na maonyesho yakaanza, mimi na shemeji tukawa tunaweka kuku wetu jirani. Yeye alikuwa anashika nafasi ya kwanza na mimi ya pili. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuona vibaya. Au nilijiambia sioni vibaya. Lakini kila ulipopiga simu baada ya maonyesho ulikuwa unaniuliza kwa utani, "Na mwaka huu mwalimu amekuacha nyuma tena?" nami nilikuwa nacheka, nikikata simu nabaki nimeishika.

Mwaka jana ndipo alipokomaa jogoo wangu Injini. Jina nilimpa kwa sababu ya sauti yake ya asubuhi, inayoanza kwa kukoroma. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama jogoo yule. Kifua kipana, mgongo mfupi, mkia wa duara, rangi ya kung'aa kila upande utakaomgeuzia. Shemeji alikuwa na Askofu, aliyekuwa na umri wa miaka minne na alikwisha kunishinda mara mbili. Niliwapima wote wawili kichwani kwa miezi, nikiwa kazini, nikiwa kanisani. Nikaona mwaka huu ni wangu.

Maonyesho yalikuwa Iringa wiki mbili baada ya Nane Nane, kama unavyokumbuka, kwenye ukumbi wa shule. Nilifika kwenu Ijumaa nikalala. Jumamosi tulikwenda wote watatu, shemeji na matenga mawili, mimi na matenga mawili, wewe na chupa ya chai. Mwamuzi alikuwa Daktari Faustina, yule mama wa mifugo kutoka Njombe mwenye miwani ya kamba. Ulikaa mstari wa mbele. Ulimwona akimtoa Injini kwenye kizimba, akimfungua bawa moja moja, akimwinua akatazama miguu mara mbili. Alisema miguu ingeweza kuwa na manyoya zaidi, ila kwa umbo na rangi hajaona jogoo mweusi wa kumlinganisha naye katika mikoa hii. Akampa namba moja, nami nikakabidhiwa kombe. Askofu akawa wa pili.

Ulisimama ukapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Shemeji alikuja moja kwa moja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili mbele ya watu. Kisha akaomba amshike Injini. Alimpakata muda mrefu, akampapasa kifua, mgongo, akashuka mpaka miguuni. Akamrudisha kizimbani taratibu, akafuta kidole gumba kwenye suruali, akaniambia, "Hongera, Tadeo. Ni jogoo mzuri." Tukapigwa picha. Picha ile najua umeitundika sebuleni.

Jumapili iliyofuata sikumpigia shemeji. Nilisema nimechoka. Jumapili ya pili nilimpigia tukaongea dakika tatu, habari za mvua. Wewe ulishuka Mbuyuni mwishoni mwa Septemba kumsubiri Anjela, kwa hiyo hukuona jinsi simu zile zilivyokufa. Mwanzoni mwa Novemba alinipigia yeye. Alisema anawagawa kuku, kwamba amechoka kubeba maji. Askofu alimpa Lutengano, mwenye mashine ya kukoboa kule Rujewa. Wengine wakaenda kwa walimu wenzake. Mimi aliniwekea matetea watano, wale wazuri kabisa, wa damu ya mayai yale sita. Nilikwenda kuwachukua. Alikuwa ameshawafunga kwenye matenga, na daftari la miaka yote amelifunga kwa kamba na kuliweka juu ya tenga. Hakunikaribisha ndani. Hakunifukuza pia. Alisema nisichelewe basi.

Sasa nifike kwenye kilichonileta.

Wiki mbili kabla ya maonyesho, Injini alipomaliza kubadilisha manyoya, niliona mguu wake wa kushoto umeota manyoya meupe. Matano. Na wa kulia mawili. Unajua kwa kochini mweusi nyoya jeupe ni nini. Jogoo mwenye manyoya meupe miguuni hawezi kuwa wa kwanza, hata awe mzuri namna gani, na wala mtu hajifichi kwa hilo, anamweka nyumbani au anamleta akubali namba atakayopewa. Nilimleta. Na fomu ya chama inasema mfugaji anaahidi kuku wake hajapakwa rangi wala kunyofolewa manyoya kuficha kasoro. Niliisaini Ijumaa hiyo mezani kwako, kwa kalamu uliyonipa wewe.

Jumamosi asubuhi, ulipokuwa unachemsha chai na shemeji anaoga, niliingia bandani kwake. Nilikaa kwenye kigoda kile kile alichonikalisha nikiwa na mguu uliovunjika, nikampakata Injini, nikatoa kibanio cha nyusi cha Happy, nikayang'oa yote saba. Hakulia. Alinitazama tu. Damu ilitoka kidogo kwenye kidole cha kati, nikaibana kwa kitambaa mpaka ikakauka. Manyoya niliyafunga kwenye kipande cha karatasi nikayatia mfukoni mwa koti. Ulituita chai, nikaja nikanywa vikombe viwili.

Kombe lile halikuwa langu, dada. Lilikuwa la mume wako. Nilimwibia nyumbani kwake, nikitumia ujuzi alionipa yeye.

Umeshajiuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza. Si kwamba nilitamani kile chombo chenyewe, nilikiweka juu ya kabati nikakigeuzia mgongo. Nilitaka siku moja shemeji anitazame kama mtu aliyefika alipo yeye. Nilitaka na wewe uache kuniuliza lile swali. Sisemi hivi kukupa lawama. Ulikuwa unatania, na mtu mzima anajua utani. Nasema kwa sababu nimeahidi kusema yote.

Happy hakujua. Alijua siku mbili kabla ya Krismasi, alipochukua koti langu kulifua. Alikuta karatasi, akaifungua, akaja akaiweka mezani karibu na sahani yangu. Yeye si mtu wa kuku kwa asili, lakini miaka saba ya kuwakausha imemfundisha. Aliniuliza kama nilisaini. Nikasema nilisaini. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mimi sitakula tena mezani kwa yule mzee mpaka umwambie. Nitasema nini nikimwangalia?" Akaenda kuanika nguo. Hakurudia tena neno hilo, na karibu wiki tatu zile nilitamani angerudia, nipate la kubishana naye.

Nilikwenda Kihesa Jumamosi ya tarehe 11 Januari, na matetea watano kwenye matenga, na kombe ndani ya mfuko. Shemeji nilimkuta nyuma ya nyumba anatia mpini jembe. Banda limefunguliwa wavu, ndani amerundika magunzi. Nilimsalimu akaitikia. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, mpaka habari ya kibanio. Aliendelea kugonga mpini mpaka ukakaa sawa, kisha akaliweka jembe chini.

Akasema, "Nilijua tangu nilipomshika."

Kidole kile alichofuta kwenye suruali kilikuwa na damu. Alipopapasa vidole vya Injini alikuta vishimo vya manyoya, na kimoja kilikuwa bado kinavuja. Alijua akiwa amemshika jogoo, mwamuzi yuko hatua tano, watu wote wa chama wako pale, na neno lake moja lingetosha. Akanipa hongera.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kama vile swali hilo alikwisha kujiuliza mara nyingi. Alisema, "Ningesema nini mbele ya dada yako? Alikuwa anapiga vigelegele." Alisema aliona nitakuja mwenyewe, labda jioni ile ile, labda Jumapili kwa simu. Akaanza kuhesabu Jumapili. Zilipofika kumi akaacha kuhesabu. Alisema kuku wale walikuwa wamekuwa kazi ya watu wawili, na akiingia bandani peke yake alikuwa anajikuta anaongea na mtu ambaye hayupo. Na kuna jambo jingine lililomsumbua. Yeye ndiye aliyenionyesha zamani jinsi ya kung'oa nyoya lililovunjika ili lipya liote vizuri. Alikuwa analala akijiuliza kama alinifundisha vibaya, kama alitakiwa kuniambia tofauti ya kile na hiki. Mwalimu wa miaka thelathini na tatu, dada, amekonda kwa kujiuliza kama somo lilieleweka. Nilimwambia lilieleweka. Nilimwambia nilijua tofauti siku ile na nilijua kila siku.

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa mimi wale matetea wazuri, ilhali alijua. Akasema, "Mtu anaweza kuwa mwongo na bado akawa mlezi mzuri wa kuku. Sikutaka wao waumie kwa sababu yetu."

Hapo nililia, na sikujificha. Yeye hakunishika wala hakunibembeleza. Alikwenda ndani akaleta kigoda cha pili. Tulikaa mpaka mvua ikaanza, tukahamisha magunzi yote kutoka bandani, tukatandika makapi, tukawafungulia matetea. Aliwatazama wanavyotembea akaguna kwamba nimewanenepesha. Ndipo nilipojua kwamba nimeruhusiwa kulala pale.

Jumapili baada ya ibada alinipa masharti, kwa utaratibu kama mtu anayesoma ratiba ya mitihani. Alisema nimemwambia yeye, bado wenzetu wa chama, na bado wewe. Alisema wewe hatakuambia yeye, kwa sababu ungedhani anamsema ndugu yako, au ungeanza kumhurumia, na yeye huruma haitaki. Kombe hakulipokea. Alisema halimhusu mpaka waliolitoa waseme linamhusu.

Nilirudi Mbeya nikamwendea Idrisa dukani kwake. Alinisikiliza huku anapanga vitunguu, akasema inabidi niandike mwenyewe kwenye kundi la simu la chama, yeye hawezi kuniandikia. Niliandika. Wanachama themanini na tatu. Kwa saa nzima hakuna aliyejibu, naona tu wanavyosoma. Aliyevunja ukimya ni Daktari Faustina. Aliandika kwamba aliona miguu imepungua akajishuku, na kwamba kosa lake ni kuacha kujishuku. Halmashauri ya chama ilikaa. Nimefutiwa ushindi, Askofu ameandikwa wa kwanza, na sitaruhusiwa kuonyesha kuku miaka miwili. Wapo walionisema maneno makali, na mmoja wa Njombe aliyenunua vifaranga wa Injini amenirudishia wote ndani ya boksi. Nimewapokea. Sikusikia uchungu nilioutegemea. Injini mwenyewe yupo, anakoroma kila asubuhi, na manyoya yake yameota tena, meupe vile vile, na nimeamua yakae.

Imebaki wewe, dada. Nimekuacha wa mwisho kwa sababu wewe ndiye ninayekuogopa. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita na wewe kumi na tano, na kila mtu aliyesema mimi ni mtoto mwema alikuwa anakusifu wewe. Najua nimekuchafua nawe.

Na lipo moja ambalo shemeji hakulitaja hata mara moja, ila mimi nalikumbuka na nadhani nawe utalikumbuka ukifika hapa. Jioni ile ya maonyesho, tulipokuwa tunakula, ulimwambia mume wako kwamba sasa mwalimu amepitwa na mwanafunzi, kwa hiyo kuanzia leo yeye atakuwa anaosha kuku na mwanafunzi anakaa kwenye kiti. Nasikia uliwasimulia na akina mama wa kwaya, mbele yake. Mimi nilikuwa pale mezani jioni ile nikacheka. Yeye alicheka nawe, akakusanya sahani, akaenda kuosha vyombo. Alikuwa ameshajua, dada. Alikuacha umcheke ili usije ukanionea aibu mimi. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini kuliko kombe.

Nisikueleze cha kufanya, wewe ni mkubwa wangu. Ila usimpigie simu leo kwa kilio, hatajua aweke wapi mikono. Mapacha wakishapata nguvu, panda nyumbani. Kila Jumamosi ya pili nakwenda Kihesa. Wavu wa banda nimeurudisha, na mlango nimeutia bawaba mpya. Lutengano amegoma kumtoa Askofu moja kwa moja, anasema amemzoea, lakini amekubali kutuazima hadi Pasaka, na tetea mmoja ameanza kuatamia mayai tisa. Shemeji ameanza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, akaandika Askofu na tetea yule, na chini yake, mahali pa jina la mfugaji, ameandika jina lake na la kwangu. Nilimwambia la kwangu alifute. Alinijibu kwamba ameandika kwa kalamu ya wino.

Pokea salamu za Happy tena, na ombi lake kwamba usiwavalishe watoto kofia zile mpaka baridi. Mwambie Anjela mjomba wake anampenda na atamweleza mwenyewe haya akitaka kuyajua. Uwashike Kulwa na Doto vichwani kwa niaba yangu. Idrisa atakaa huko siku mbili. Ukitaka kunijibu mpe yeye, na usipotaka kujibu nitajua bado unasoma, nami nitakusubiri bila kuhesabu. Mungu awatunze wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako anayekuomba msamaha,

Tadeo